Pundamilia amegoma, punda kakubali, na simu yangu haijui saa

Kuna swali linanisumbua muda mrefu sasa. Kwa nini hakuna mikokoteni inayovutwa na pundamilia? Hapa Dodoma ukitoka nje tu unakutana na punda, huyu kabeba madumu ya maji, yule anavuta matofali, mwingine mkaa, afu ukipanda basi la Arusha ukibahatika maeneo ya Minjingu unawaona pundamilia kibao pembeni ya barabara wanakula zao majani hawana habari na mtu, umbo ni lilelile, ukoo ni mmoja, ila mmoja anafanya kazi na mwingine hafanyi.

Na sio kwamba watu hawakujaribu. Kuna tajiri wa Uingereza, Walter Rothschild, miaka ya 1890 aliwafunga pundamilia kwenye gari la kukokotwa akaenda nao mpaka Buckingham Palace. Wajerumani nao walipotawala huku kwetu walijaribu, na walikuwa na sababu ya maana kabisa, farasi wao walikuwa wanakufa na ugonjwa wa nagana unaoletwa na mbung'o wakati pundamilia kazaliwa palipo na mbung'o na anaishi nao vizuri tu, hata ile mistari yake wataalamu wameona inawachanganya nzi wakashindwa kutua. Ikashindikana. Pundamilia akikung'ata haachii, teke lake linavunja taya la simba, na kamba ukimrushia anainamisha kichwa inapita juu. Kakulia katikati ya simba na fisi tangu enzi na enzi, unategemea awe mpole?

Mmoja mmoja unaweza kumzoesha, hilo lipo. Ila mtoto wake akizaliwa unaanza upya kabisa, ndo maana kuzoesha sio kufuga. Kufuga ni kuchagua nani azae, kizazi kwa kizazi. Kule Siberia mwaka 1959 mwanasayansi anaitwa Dmitry Belyaev alianza na mbweha wa kufugwa kwa ajili ya manyoya, hakuwafundisha chochote, alichofanya ni kuwazalisha wale tu wasiomwogopa binadamu, basi baada ya vizazi vichache vitoto vikaanza kutikisa mkia na kulilia watu, na mbele ya safari wakatokea wenye masikio yaliyolegea na mabaka kama mbwa. Mi kila nikilifikiria hili nashangaa upya.

Punda ndo fahari yangu. Amefugwa Afrika hii hii, yapata miaka 7,000 iliyopita, na utafiti wa vinasaba uliotoka 2022 unaelekeza mashariki mwa Afrika. Yaani watu wa huku walikaa na mnyama wa jangwani wakachagua na kuchagua mpaka akapatikana huyu anayevumilia kiu, jua na mzigo, afu leo tunamchapa fimbo mgongoni kana kwamba tumemwokota. Umoja wa Afrika ulivyopiga marufuku 2024 kuchinja punda kwa biashara ya ngozi nilifurahi sana, walikuwa wanaisha jamani.

Paka yeye alijileta mwenyewe, wakulima wa Mashariki ya Kati waliweka nafaka, panya wakaja, paka akawafuata. Na kuku wa kienyeji asili yake Asia, ila bibi zetu wamemchagua hapa hapa uani, mtetea anayeatamia vizuri na kuficha vifaranga mwewe akipita huyo ndo anabaki, asiyejua kulea anaishia kwenye sufuria, ndo maana kuku yule anaendana na maisha yetu bila kulishwa chakula cha dukani.

Sasa njoo kwenye simu. Simu nayo imechaguliwa toleo kwa toleo, ila wachaguaji wako California, Seoul na Shenzhen, na wamechagua kwa shida zao wao. Kero zangu nyingi zinaanzia hapo.

Chukua saa. Simu yangu nimeiweka Kiswahili, menyu yote Kiswahili, lakini saa bado inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mama akisema nipigie saa mbili asubuhi natega alamu ya nane. Huku jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, kwa hiyo kuanza kuhesabu pale kunapokucha kuna akili kabisa, wakati London mwezi Desemba jua linatoka kama saa mbili na Juni limeshatoka kabla ya saa kumi na moja, wao ukiwaambia wahesabu kutoka alfajiri watachanganyikiwa, nawaelewa. Ila kwa nini sisi tusipewe hata sehemu ya kuchagua? Binamu yangu aliandikiwa meseji ya usaili "kesho saa 3:00", yeye akaenda asubuhi, wenyewe walimaanisha saa tisa mchana, akaambiwa mapema sana rudi baadaye, na nauli ya kurudi hakuwa nayo.

Chaja za pini mbili pia. Soketi zetu ni za Kiingereza, kiwango cha 1947, zile tundu mbili za chini zina vifuniko ndani ili mtoto asiingize kitu, na kinachovifungua ni pini ndefu ya juu. Chaja ya pini mbili haina hiyo pini, ndo unaona kila nyumba watu wanachokoa tundu la juu na mfuniko wa peni. Mtoto anaangalia na kesho atatumia msumari. Nunueni adapta, naomba sana.

Kinachoniuma ni kwamba tunaweza. M-Pesa ilianza Kenya 2007, na kabla ya hapo watu walikuwa tayari wanatumiana vocha kama hela, na hata majaribio ya 2005 yalikuwa ya kurejesha mikopo midogo ila watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, wenye huduma wakaona wakafuata hukohuko. Watumiaji wa huku ndo walichagua.

Keyboard nayo ingefanyiwa hivyo. Sasa hivi naandika "kama" inaniwekea "karma", na "hawajanipigia" inapigiwa mstari mwekundu, kwa sababu imejazwa orodha ya maneno, na orodha inafaa Kiingereza ambacho kitenzi kina sura nne tano basi. Piga peke yake ina nimekupigia, hatujapigiana, atakayenipigia, wangetupigia, hizo hazimaliziki kwenye orodha yoyote. Inatakiwa ifundishwe viambishi, nani anafanya, lini, anamfanyia nani, afu yenyewe iunge. Kama kuna kijana anasoma kompyuta hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au popote anatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, shika huu, na ukiwa tayari mi nitakuwa wa kwanza kuijaribu na kukutumia kila neno linalokataa.