Mazoezi ya nyumbani kwa mpanda farasi anayeishi Mtwara

Mkazi wa Mtwara anayependa kupanda farasi hana budi kukubali kwamba sehemu kubwa ya kujifunza kwake itafanyika bila farasi. Ukanda huu wa kusini una historia ndefu ya mbung'o, na wanyama wa kupandwa hawakupata kustawi humu. David Livingstone aliposhuka Mikindani mwezi Machi 1866, alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala (chotara wa punda na farasi) na punda, akitaka kuona kama wangestahimili mbung'o katika safari ya kufuata mto Ruvuma; wengi wao walifia njiani. Mimi hupanda ninapopata likizo ya kwenda Arusha, na muda mwingine wote hujiandaa nyumbani Shangani, juu ya mkeka, asubuhi kabla joto halijapanda.

Watu wengi hudhani kwamba uthabiti juu ya farasi hutokana na nguvu za mapaja. Sikubaliani nao. Anayebana magoti hujisukuma juu mwenyewe: paja hukakamaa, mguu hupanda, kikuku, yaani chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko, hupotea unyayoni, na mpandaji hubaki ameng'ang'ania hatamu. Kinachomshikilia mtu juu ya tandiko ni nyonga zilizolegea chini ya kiwiliwili kilichotulia, na mambo hayo mawili hujengwa kwa mazoezi tofauti.

Xenophon, Mgiriki aliyeandika kuhusu upandaji katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri kwamba mpandaji asikae kama aliyeketi kitini, bali kama mtu aliyesimama wima huku ametanua miguu. Walimu wa leo husema jambo hilohilo kwa namna yao: mtu akikutazama kwa ubavuni, sikio, bega, nyonga na kisigino viwe katika mstari mmoja. Kwetu pwani ni rahisi kuuona upungufu wa mkao wa kitini. Keti juu ya mbuzi ya kukunia nazi, utaona magoti yanapanda juu kuliko nyonga, fupanyonga linalalia nyuma na mgongo unajikunja. Sasa hamia kwenye ukingo wa benchi refu la mbao, magoti yawe chini kidogo ya nyonga, kisha ingiza viganja chini ya makalio mpaka uipapase mifupa miwili inayobeba uzito wako. Toa mikono, uviringishe fupanyonga mbele na nyuma polepole huku ukipumua, ukipunguza mwendo huo kidogo kidogo hadi ubaki katikati, uzito ukiwa sawa kulia na kushoto.

Zoezi hilo halitoi jasho, na pengine ndiyo sababu watu hulidharau, lakini ningeambiwa nibaki na moja tu ningelichagua hilo. Farasi anapotembea kwa mwendo wake wa mapigo manne, kwato zikitua moja moja, mgongo wake huinuka na kushuka upande mmoja baada ya mwingine, na nyonga za mpandaji hazina budi kuufuata. Aidha, benchi humfichulia mtu upande anaouegemea. Aliyezoea kubeba ndoo au mkoba kwa mkono uleule kila siku huweza kukuta mfupa mmoja una uzito zaidi, na farasi huihisi tofauti hiyo.

Wanaokaa ofisini mchana kutwa wana tatizo la ziada, kwa sababu misuli ya mbele ya nyonga hukaza na kuuvuta mguu mbele. Piga goti moja juu ya kanga iliyokunjwa, mguu mwingine uwe mbele, kaza kalio la upande wa goti lililo chini, kisha sogeza mwili mbele taratibu bila kuupinda mgongo. Sekunde 30 kila upande zinatosha kuanzia.

Kuhusu kiwiliwili, zoezi maarufu la kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu lina faida yake, ila linafundisha kukakamaa, ilhali mpandaji anatakiwa atulie huku miguu na mikono ikifanya kazi nyingine. Ninapendelea kulala chali, mikono ikielekea juu na magoti yakiwa yamekunjwa juu ya nyonga, halafu kuushusha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, kisha kubadilisha, bila kiuno kuinuka mkekani. Baada ya hapo hupiga magoti na viganja chini, kikombe cha plastiki chenye maji kikiwa kiunoni, na kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Maji yakimwagika, mwili umeyumba.

Kwa kisigino, simama kwenye ukingo wa ngazi ya mlangoni kwa sehemu ya mbele ya nyayo na uache visigino vishuke kwa uzito wake vyenyewe, kwa kuwa kuvisukuma kwa nguvu hukaza kifundo. Kusimama kwa mguu mmoja pia kunafaa; ukishaweza, fumba macho.

Linalobaki ni mwendo wa mapigo mawili, ule wa kasi zaidi ambao kwato hutua mbili mbili na mpandaji huinuka na kukaa kwa kupokezana. Rudi kwenye benchi, nyayo ziwe chini ya nyonga, kisha inuka kidogo bila kusaidiwa na mikono, ukipeleka nyonga mbele badala ya kusimama wima, halafu ukae bila kishindo. Ukizoea, pitisha kanga kwenye nondo za dirisha lililo mbele yako na ushike ncha zake kama hatamu, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Unapoinuka na kukaa, kanga isikaze wala isilegee. Ikikaza kila unapoinuka, ujue kwamba unajivuta kwa mikono, na juu ya farasi mvuto huo ungeishia kwenye lijamu iliyo kinywani mwake. Iache kanga kwa siku kadhaa, ufanye zoezi hilo mikono ikiwa imekunjwa kifuani.