Kura ni siri, kidole si siri

Ibara ya 38 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura kwa siri. Wengi wakilisikia neno hilo hudhani hata kwenda kwao kituoni kunafichwa. Hakufichwi. Kinachofichwa ni alama uliyoiweka kwenye karatasi, basi. Kwamba umejiandikisha, kwamba ulipanga foleni, kwamba jina lako lilisomwa, hayo yote watu wanayaona, na ni makusudi, ili mtu asipige kura mara mbili. Ukiwa muumini wa jamii ya dini isiyopenda watu wake wapige kura, inakubidi uielewe tofauti hii kabla ya jambo jingine lolote.

Nawafikiria hasa walio katika makutaniko ya Mashahidi wa Yehova, wasiojihusisha na siasa kwa kufuata maneno ya Yesu katika Yohana 17:16, na Waislamu wachache wanaofundishwa kwamba demokrasia ni haramu. Msimamo huo ni haki yao kamili. Kenya hailazimishi mtu kupiga kura, na ibara ya 32 inakataza kumshurutisha yeyote atende kinyume cha imani yake. Ila ibara hiyohiyo inamlinda pia muumini ambaye dhamiri yake inamwambia tofauti na anavyosema mzee wa kutaniko. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, inapozungumzia vitisho vya kumfanya mtu apige au asipige kura, inataja hadi madhara ya kiroho. Kuhubiri kwamba kura haifai si kosa. Kumwambia mtu atapatwa na laana akithubutu kwenda ni jambo jingine. Lakini hakuna sheria inayoweza kumzuia mama asinyamaziane na bintiye, na ndiyo maana tahadhari ina maana.

Tahadhari inaanza mbali sana na siku yenyewe, pale unapochagua kituo. Unaweza kujiandikisha wadi unakofanya kazi badala ya unakoishi au unakoabudu, mradi siku hiyo uweze kufika, maana utapigia palepale ulipojiandikisha. Ikiwa tayari umo kwenye sajili ya kwenu, omba uhamisho katika ofisi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ya eneo bunge. Usijiandikishe upya: kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Na usingoje, kwa sababu uandikishaji na uhamisho hufungwa kabla ya uchaguzi, na uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Unaokuja unaangukia tarehe 10 Agosti 2027.

Ukimaliza kujiandikisha unapewa kikaratasi cha kuthibitisha. Siku ya kura hakihitajiki. Kinachotakiwa ni kitambulisho cha taifa au pasipoti, ile uliyojiandikishia, na karatasi ya kusubiri kitambulisho haikubaliwi. Kwa hiyo hicho kikaratasi usikiache ndani ya Biblia au kwenye mkoba unaobebwa na watu wawili. Kitambulisho nacho kikae kwako. Mahali pengi baba au mume ndiye mtunza vitambulisho vya nyumba nzima, na kukiomba asubuhi ya uchaguzi, siku ambayo ni ya mapumziko na benki zimefungwa, ni sawa na kutangaza unakokwenda.

Kuna jambo watu hulisahau kabisa: uanachama wa chama. Mwaka 2021 Wakenya wengi walikuta wameandikishwa katika vyama vya siasa bila kujua. Kwa muumini wa jamii isiyotaka siasa, jina lako kuonekana kwenye orodha ya chama ni zito kuliko kura yenyewe, maana hapo wewe huna hata la kujitetea. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uangalie. Ukijikuta umo, jiuzulu papo hapo kwenye mtandao.

Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni, na aliye kwenye foleni saa ya kufunga bado atahudumiwa. Foleni ndefu ni ya alfajiri, na ndiyo inayotazamwa na kila apitaye. Mchana huwa afadhali. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na shule moja inaweza kuwa na vituo kadhaa vilivyogawanywa kwa herufi za majina. Orodha hubandikwa nje, kwa hiyo jua mkondo wako, yaani kituo chako, mapema usije ukasimama mlangoni ukipekua majina.

Ndani, karani huweka kidole chako kwenye mashine, na jina lako husomwa kwa sauti ili mawakala wa vyama wasikie. Hapa hupakwepi. Makarani na mawakala mara nyingi ni vijana wa hapohapo mtaani, sababu nyingine ya kuchagua kituo cha mbali na nyumbani. Mikono iliyochakazwa na saruji au jembe hukataliwa na mashine, kisha unatafutwa kwa namba ya kitambulisho huku wote wakikutazama. Ioshe na uikaushe vizuri kabla.

Utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Usiandike jina wala namba yako popote, kura hiyo itakataliwa. Kunja kila moja alama ikiwa ndani. Simu usiitoe.

Asiyeona au asiyejua kusoma anaruhusiwa msaidizi anayemchagua mwenyewe, na huyo hula kiapo cha kutunza siri. Asipokuja na mtu, msimamizi wa kituo ndiye humsaidia, mbele ya mawakala. Maana yake, tuseme ni bibi mzee, chaguo lake linasikika na mawakala hao. Kama mjukuu anayemwongoza kila siku ni wa kutaniko lilelile, bora atafutwe jirani mapema.

Kisha wino unaotiwa kidoleni kuonyesha umeshapiga kura. Una nitrati ya fedha, inayokutana na chumvi ya ngozi ikaganda na kugeuka nyeusi ikipigwa na jua. Kwenye ngozi hukaa siku tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Kwenye kucha na nyama ya pembeni yake hukaa wiki kadhaa. Hesabu mwenyewe: umechovya Jumanne, na Ijumaa, Jumamosi au Jumapili unainua mkono kwenye ibada. Kupaka mafuta ya mgando kabla ni kosa la kijinga, karani atakifuta kidole na kukutilia shaka. Klorini nayo inababua ngozi. Kwa wanawake wa Pwani wenye piko, rangi nyeusi ya urembo, vidoleni, doa haligunduliki kirahisi. Wengine, plasta ya siku mbili haina ajabu kwa mtu apikaye au alimaye, lakini ya wiki mbili itaulizwa.

Ukiulizwa, usiseme uongo. Dini yako yenyewe inaukataza, na uongo kuhusu kidole ndio utakaokumbukwa kuliko kura. "Hilo ni kati yangu na Mungu" ni jibu kamili, na anayeendelea kuuliza baada ya hapo anajulikana anachotafuta. Doa lenyewe husogea mbele kadiri kucha inavyokua. Likifika ukingoni, unalikata na mkasi.