Hela ya njia ya watoto ipo, shida ni inavyotoka

Wiki hii nzima nimekesha nasoma habari za hela za barabara Marekani, najua mtasema huyu kakosa kazi, ila nilianza na kiswali kidogo tu: mtoto akitaka kwenda shule kwa mguu au kwa baiskeli na arudi mzima, nani anatakiwa alipie? Maana kila ukiuliza watu wote wanasema ni jambo zuri sana, ukigusa hela kila mtu anaangalia pembeni.

Wamarekani walikuwa na sababu ya kushtuka. Mwaka 1969 karibu nusu ya watoto wa miaka 5 mpaka 14 walikuwa wanaenda shule kwa mguu au baiskeli, kufika 2009 wamebaki kama 13 tu katika 100. Na hapa ndo pa kuchekesha, mzazi anampeleka mtoto na gari kwa kuogopa magari ya pale getini, wakati yale magari ya getini ni ya wazazi wenzake walioogopa kama yeye.

Basi 2005 wakaanzisha programu ya Safe Routes to School, yani njia salama za kwenda shule, dola milioni 612 kwa miaka 5, hakuna jimbo linapata chini ya milioni 1 kwa mwaka. Serikali kuu inalipa asilimia 100, wenyeji hawachangii hata senti. Alafu asilimia 70 mpaka 90 iende kwenye ujenzi, yani njia za miguu, vivuko, matuta, pa kufungia baiskeli, ndani ya maili 2 kutoka shuleni, inayobaki ikafundishe watoto kuvuka, iwabane madereva wanaokimbiza, iongee na wazazi. Mi hako ka asilimia kadogo ndo nakapenda zaidi, kwa sababu pundamilia ambayo dereva haiheshimu ni rangi tu kwenye lami.

Sasa mtego. Ile hela hupewi mkononi, unatumia kwanza ya kwako, unapeleka hesabu, ndo unarudishiwa. Na kwa vile ni hela ya serikali kuu, kinjia cha miguu cha mita chache kinapitishwa kwenye makaratasi yale yale ya barabara kubwa, tenda, mazingira, ukaguzi, mpaka unaona aibu. Mji wenye injinia wake na mtu wa kuandika maombi unavumilia, kamji kadogo kasikokuwa na akiba kanaanzaje? Kwa hiyo hata hiyo bure ilikuwa bure kwa aliyekuwa na cha kuanzia tu.

2012 ikawa mbaya zaidi, programu ikakosa fungu lake, ikatupwa kapu moja na njia za baiskeli na mengine, kwa kawaida mwombaji akawa anatafuta asilimia 20 mwenyewe, na jimbo likitaka liliweza kuhamisha mpaka nusu ya kapu kwenda kwenye barabara nyingine. Fikiria nani ameumia hapo. Sio shule ambayo watoto wanashushwa na gari mlangoni, ni ile ambayo watoto wanatembea kwa sababu nyumbani gari hamna. Sheria ya 2021 imelegeza kidogo hilo la mchango na imeongeza watoto mpaka darasa la 12, sawa, angalau.

Ningekuwa nashika mfuko mimi ningeanza na vitu vidogo na ningetoa hela kabla ya kazi. Matuta kwanza, kwa sababu gari likiwa kwenye kilomita 30 kwa saa mtoto akigongwa ana nafasi kubwa ya kupona, likikimbia mara mbili ya hapo ni habari nyingine kabisa. Alafu lile wazo alilolisambaza David Engwicht wa Australia miaka ya 90, mtu mzima anaongoza kundi la watoto kwa mguu, anawaokota vituoni kama basi. Halihitaji zege hata toroli moja.

Ila kilichonikera kuliko vyote nimekikuta mwishoni kabisa kwenye miongozo ya ile programu ya 2005: mafunzo ya mtu wa kuvusha watoto yanaweza kulipiwa, mshahara wake hapana, eti ni gharama inayojirudia. Yani njia anajengewa, kibendera anapewa, ila wa kukishika kila asubuhi mtajitafutia wenyewe.