Nyuki Asiye na Mzinga

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Nyuki wakitajwa katika Maandiko, mara nyingi ni kundi zima: wale wa ndani ya mzoga wa simba wa Samsoni, au wale ambao Musa anawafananisha na Waamori walioikimbiza Israeli. Wiki hii nimekaa na nyuki asiye na malkia, wala mzinga, wala asali ya kurina.

Ni nyuki mwashi mwekundu wa Ulaya. Wataalamu humwita Osmia bicornis, yaani mwenye pembe mbili, na kweli jike ana vipembe viwili usoni vya kufanyia kazi ya tope. Kichwa ni cheusi, tumbo limevaa manyoya ya rangi ya kutu. Dume ni mdogo zaidi na usoni ana kishungi cheupe, utadhani mzee wa kanisa.

Jike hujenga peke yake, katika tundu la mti mkavu au ndani ya tete. Chavua haibebi miguuni kama nyuki wa asali. Huibeba kavu, chini ya tumbo. Akifika huingia kwa kichwa, akatapika nekta, akatoka, akageuka, kisha akarudi kinyumenyume ili aikung'ute chavua. Safari baada ya safari. Donge likitosha hutaga yai moja, akakiziba chumba kwa tope, akaanza kingine. Mayai ya majike huyaweka ndani kabisa, ya madume karibu na mlango.

Baada ya majuma machache hufa. Hata mtoto mmoja hajamwona akitoka.

Nikamkumbuka Daudi, 1 Mambo ya Nyakati 22. Ameambiwa wazi kwamba nyumba ya Bwana hataijenga yeye. Mimi ningesusa, nakiri. Yeye anakusanya mierezi, shaba isiyopimika, na chuma cha misumari ya milango. Misumari! Ya milango ambayo yeye hatapita.

Mle ndani ya tete, mtoto hula donge lake, hujisokotea kifuko, na kabla baridi haijaingia amekwisha kuwa nyuki kamili. Lakini hatoki. Hukaa gizani mpaka majira ya kuchipua. Madume hutangulia kulitafuna tope na kutoka, wakawangoja dada zao nje. Siku chache baadaye utamkuta jike mmoja penye ardhi mbichi, ameinama, anachota tope.