Kuamua Kosa la Boki: Nilivyojifunza Kuanza na Miguu ya Mrushaji

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa nilipoanza uamuzi wa besiboli ni huu: ukiona mkimbiaji amedanganyika, ita boki, yaani kosa la mrushaji mpira kufanya mwendo usioruhusiwa wakati kuna mkimbiaji kituoni. Unaudhi kwa sababu una chembe ya ukweli. Kanuni ya boki iliwekwa ili mrushaji asimhadae mkimbiaji kwa makusudi, na adhabu yake ni kila mkimbiaji kusogea kituo kimoja mbele. Lakini kuzuga kwa njia halali kunaruhusiwa, na mrushaji stadi hutegemea hilo.

Kilichonisaidia ni kumwacha mkimbiaji na kumsoma mrushaji kutoka chini kwenda juu: kwanza mguu wa mhimili, unaogusa kibao cheupe anachorushia mpira, kisha mguu huru, kisha goti, na mikono mwisho. Katika mchezo mmoja, mrushaji wa mkono wa kulia alikuwa ametulia tuli, mikono imekutana kifuani, na mkimbiaji amejitenga na kituo cha kwanza. Mara kisigino cha kulia kikainuka, mguu ukatua nyuma ya kibao na vumbi likatimka. Ndipo alipogeuka na kuzuga kurusha kituo cha kwanza. Mkimbiaji alijitupa kifudifudi kurudi kituoni. Kocha wake akanijia mbio: “Bwana mwamuzi, amemdanganya!” Nikamjibu, “Ni kweli, kocha, lakini alikuwa ameshashuka kibaoni.” Mrushaji akishashuka kwa nyuma kabla mikono haijaachana, huhesabiwa kama mlinzi yeyote wa uwanja wa ndani, naye huweza kuzuga atakavyo. Mguu ule ungekuwa bado unagusa kibao, ningeita boki kabla kocha hajanyanyuka.

Mrushaji wa mkono wa kushoto ni mgumu zaidi, kwa kuwa hukielekea kituo cha kwanza uso kwa uso. Waamuzi wengi hutumia mstari wa kufikirika wa nyuzi 45 kati ya kituo cha kwanza na mpigaji, kupima mguu wake huru umeelekea wapi, nami huutumia, ila haumo katika kanuni. Kilichoandikwa ni kwamba apige hatua moja kwa moja kuelekea kituo anachorushia. Mguu wake huru ukivuka ukingo wa nyuma wa kibao, lazima arushe kwa mpigaji, isipokuwa anarusha kituo cha pili ili kumkamata mkimbiaji wa huko.

Wanaoniambia kwamba kuzuga kituo cha tatu ni halali bado wanashika kanuni za kabla ya 2013. Katika ligi kuu ya Marekani, mrushaji aliye kibaoni sasa huruhusiwa kuzuga kituo cha pili tu, kwa hiyo kabla ya msimu ulizia ligi yako inafuata kanuni zipi.