Uliza maji kabla ya kitanda

Wanaotaka kujitolea kung'oa magugumaji na kupanda miti kwenye mwambao wa Mwanza huniuliza kwanza kuhusu mahali pa kulala, ilhali hilo ndilo jepesi kuliko yote: hema, godoro jembamba na chandarua chenye dawa, kinachochomekwa chini ya godoro kabla giza halijaingia. Kinachosumbua ni maji, na ajabu ni kwamba yanasumbua kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika.

Maji ya ukingoni, hasa yale yaliyotulia penye majani na konokono, hubeba vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi bila mtu kuhisi lolote. Kwa hiyo kambini kwetu maji ya kuoga yaliachwa siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko, muda unaotosha vimelea hivyo kufa, na ya kunywa yalichemshwa. Mapipa yaliandikwa kwa chaki, "leo", "jana" na "juzi", maandishi yaliyofutwa na kuandikwa upya kila alfajiri na mama mpishi, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi. Aliyechota kwenye pipa la "jana" alisemwa mbele ya wote. Kazini tulivaa gambuti, ambazo husaidia mpaka maji yanapozidi kimo chake.

Kambi yenyewe ilikaa juu, mbali na ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa, lakini hata pasipo sheria hiyo viboko, ambao hutoka majini usiku kwenda malishoni, wangetutosha kuwa sababu. Kwenda chooni usiku ni kwa tochi, tena wawili wawili.

Chakula ni ugali wa udaga na dagaa, nacho huliwa mapema, kwa kuwa taa ikiwashwa huvuta wadudu wadogo wa ziwani, wasiouma lakini wanaojaa kwenye mboga.

Ukirudi nyumbani, usikimbilie kupima kichocho wiki hiyo hiyo, maana mayai yake huchelewa kuonekana kwenye choo au mkojo. Subiri wiki sita hadi nane tangu ulipogusa maji mara ya mwisho, ndipo uende kituo cha afya. Ukikutwa nacho, dawa yake ni prazikwanteli.