Bendera Moja

Somo: 1 Wafalme 8:17-19

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Neno ambalo halijanitoka moyoni wiki hii ni lile alilolisema Sulemani siku ya kuiweka wakfu nyumba ya Bwana, alipowakumbusha Israeli kwamba hekalu lile, kabla ya kuwa mawe na mierezi, lilikuwa nia ndani ya moyo wa baba yake. Daudi alitaka kujenga, na Bwana akamkatalia, akasema kwamba atakayejenga ni mwanawe. Lakini katika kukataliwa kule kuna jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka tukikimbilia sala ndefu ya Sulemani: Mungu alimwambia Daudi kwamba alifanya vema kuwa na nia hiyo moyoni mwake. Kazi haikufanyika kwa mkono wake, hata jiwe moja la msingi hakuliweka, na bado akaambiwa kwamba alifanya vema.

Neno hili lilinifungukia kwa njia ya mchezo unaopendwa mno huku Australia tunakoishi, mpira wa miguu wa Kiaustralia (Australian football), na ninyi mnaosoma mkiwa nyumbani, ambao hamjapata kuuona, nawaomba mnivumilie niueleze. Unachezwa katika uwanja wenye umbo la yai, watu 18 kila upande, na mpira wenyewe nao una umbo la yai. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne isiyo na mwamba juu wala wavu: miwili mirefu katikati, na miwili mifupi pembeni, mmoja kila upande. Mchezaji akiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya ile mirefu bila kuguswa na mtu mwingine, ni goli, nalo lina pointi 6. Ukipita kati ya mlingoti mrefu na mfupi, au ukigonga ule mrefu, timu yake hupewa pointi 1. Mwamuzi wa magoli, anayesimama pale pale kwenye milingoti, hupunga bendera mbili nyeupe kwa goli, na kwa ile pointi ya pembeni hupunga bendera moja.

Mimi niliyekulia katika soka, ambako shuti likitoka nje limetoka nje na kipa anaanza upya, nilipoiona bendera ile moja kwa mara ya kwanza nilishangaa. Niliona mtu amekosa mbele ya maelfu ya watu, ameshika kichwa kwa uchungu, na nyuma yake mwamuzi anapunga bendera kwa utulivu na kuandika kwenye kadi yake kwamba jambo fulani limepatikana.

Tarehe 29 Septemba 2018 ilichezwa fainali ya ligi kuu ya mchezo huu katika uwanja wa Melbourne Cricket Ground, mbele ya watazamaji 100,022. Upande mmoja walikuwa Collingwood, klabu kongwe iliyoanzishwa mwaka 1892, wakicheza katika uwanja wanaoutumia kama wa nyumbani, katika jiji lao, mbele ya bahari ya mashabiki wao. Upande wa pili walikuwa West Coast, timu ya Perth, iliyosafiri karibu kilomita 2,700 kuivuka nchi yote kutoka magharibi, na mwanzoni mwa msimu ule wapo wataalamu waliowatabiria kumaliza sehemu ya chini ya msimamo. Nic Naitanui, mtu mrefu waliyemtegemea kuruka na kugombea mpira unapoanzishwa, alikuwa nje kwa jeraha la goti. Andrew Gaff alikuwa anatumikia adhabu ya kufungiwa, na Brad Sheppard aliumia msuli wa paja wiki tatu kabla ya fainali.

Walianza vibaya kama ilivyohofiwa. Collingwood walifunga magoli matano ya kwanza, na kabla robo ya kwanza haijaisha wageni walikuwa nyuma kwa pointi 29, huku uwanja ukinguruma. Nilikuwa nikitazama kwenye televisheni hapa Perth pamoja na ndugu wachache baada ya chakula cha mchana, na mmoja wao alikwisha kuinuka kutafuta funguo za gari. Wageni hawakurudi kwa kishindo. Walirudi kidogo kidogo, goli hapa, pointi ya pembeni pale, hata robo ya tatu ilipoisha timu zilikuwa zimefungana. Kisha katika robo ya mwisho Collingwood walifunga magoli mawili ya haraka, na mlima ukawa umerudi pale pale.

Kipindi kilichofuata ndicho ninachotaka tukitafakari, maana kilikuwa kigumu hata kukitazama. West Coast walikuwa wakifika mbele ya milingoti mara kwa mara, na mara kwa mara wanakosa. Jack Darling alipata mpira wa kudaka kifuani, mbele yake milingoti mitupu, na ukamponyoka mikononi. Ilipigwa mipira iliyopita pembeni, na baada ya kila mmoja ilipungwa bendera moja, bendera moja, bendera moja tena. Sisi tuliokuwa tukitazama tuliyaona makosa yale kama mlango unaofungwa, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa akihesabu.

Zikiwa zimebaki kama dakika mbili, Jeremy McGovern aliudaka mpira katika ulinzi, akaupeleka kwa Nathan Vardy, Vardy akaudaka na kuupeleka kwa Liam Ryan, Ryan akaruka na kuudaka, akaupiga pembeni kabisa mwa uwanja alikokuwa Dom Sheed. Mwenye kuudaka mpira wa namna hiyo hupewa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa, lakini Sheed alikuwa karibu na mstari wa nje, mahali ambapo milingoti ile mirefu inaonekana kama imegusana. Alipiga kwa mguu wa kushoto. Mwamuzi akapunga bendera mbili, na West Coast wakawa mbele. King'ora cha mwisho kilipolia ubao ulisomeka 79 kwa 74.

Wapo wanaolikumbuka shuti lile la Sheed peke yake, na wana haki, kwa kuwa bila lile kusingekuwa na kombe. Lakini someni hesabu yote. West Coast walifunga magoli 11. Collingwood walifunga magoli 11. Kwa magoli timu zile zilikuwa sawasawa. West Coast walikuwa na pointi za pembeni 13, na wenyeji wao walikuwa nazo 8, na tofauti ya ushindi ni hizo 5. Mashuti yale yaliyotufanya tufunike nyuso zetu kwa viganja ndiyo yaliyokuwa kwenye kadi ya mwamuzi yakiisubiri dakika ile.

Sitaki mtu aliye kati yetu alipokee jambo hili vibaya. Sisemi kwamba Mungu alikuwa shabiki wa Perth siku ile. Nina hakika hata katika upande wa Collingwood walikuwapo waliokuwa wakiomba. Tena klabu ile ile ilicheza fainali ya mwaka 1970 mbele ya watu 121,696, ikaongoza kwa pointi 44 wakati wa mapumziko, na mwisho ikafungwa na Carlton 111 kwa 101. Siku ile Collingwood ndio waliokuwa na pointi nyingi za pembeni, 17 kwa 9, nazo hazikuwaokoa. Mhubiri aliliona hili zamani, akaandika kwamba si wenye mbio washindao katika michezo, wala si walio hodari washindao vitani, lakini wakati na bahati huwapata wote (Mhubiri 9:11). Wala hatukusanyi pointi ili tuokolewe. Tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, na mtu asiliondoe neno hilo.

Nasema juu ya kazi tunazozifanya tukiwa tumekwisha kuokolewa, zile tulizozianza kwa moyo mweupe zikapita pembeni. Mwanamke aliyeivunja chupa ya marhamu kule Bethania alikaripiwa na watu walioona hasara tupu, na kwa kweli hakumwokoa Bwana na msalaba, wala hakuizuia hata saa moja ya mateso yake. Yesu alimpima kwa kipimo kingine: "Ametenda alivyoweza" (Marko 14:8). Paulo naye anawaandikia Wakorintho kwamba kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Nikiyasoma maneno haya baada ya Daudi, naona kwamba Mungu wetu ni mwepesi wa kuandika kwenye kadi yale tuliyokwisha kuyafuta wenyewe. Na Daudi, alipokataliwa kujenga, hakukaa akinung'unika. Alikusanya dhahabu, fedha, shaba, chuma, mbao na mawe, akamkabidhi Sulemani (1 Nyakati 22:14). Nyumba ile ilijengwa juu ya vitu vilivyokusanywa na mtu aliyeambiwa hapana.

Nina la kwangu katika hili, na nalisema kwa kuwa najua baadhi yenu mmebeba linalofanana nalo. Mama yangu alikuwa Kigoma, macho yake yamefifia, na mimi niko huku, nauli siiwezi. Tulikubaliana kwamba kila Jumapili nitamsomea zaburi moja kwa simu, kuanzia ya kwanza hadi ya 150. Nilimwahidi kwamba ya mwisho tutaisoma tukiwa pamoja, nimekaa kando ya kitanda chake. Kuna Jumapili ambazo mtandao ulikatika, kuna ambazo nilikuwa zamu ya kazi nikapitiwa, na kuna moja ambayo nilimsomea nusu nikasinzia, naye akaniacha nilale bila kukata simu. Tulifika Zaburi ya 121. Nilikuwa nimesoma hadi mahali panaposema kwamba jua halitakupiga mchana, wala mwezi usiku, simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupatikana. Alhamisi ya wiki ile Bwana akamchukua.

Kwa muda mrefu nilizihesabu zaburi 29 ambazo hatukuzisoma, na safari ambayo sikuisafiri. Ukipoteza namna hiyo, idadi ya ulichokosa ndiyo huipata kirahisi. Sikuwahi kukaa nikahesabu zile 121. Aliyezihesabu alikuwa mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akiishika simu ile karibu na sikio la mama. Aliniambia kwamba siku ile mtandao ulipokatika, mama alinyamaza kidogo, kisha akaimalizia mwenyewe kwa kichwa: "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo, tangu sasa na hata milele."

Mdogo wangu alisoma darasa chache tu, na hata leo barua anasomewa. Mwezi uliopita aliniuliza, kwa aibu kidogo, kama ningeweza kuendelea pale tulipoachia, kwa kuwa alikuwa amezoea kusikia. Jumapili iliyopita baada ya ibada nilikaa ndani ya gari, nikampigia. Mtandao ulikuwa mzuri. Nikamsomea Zaburi ya 122, "Nalifurahi waliponiambia, Na twende nyumbani kwa Bwana," na nilipomaliza akaniomba nirudie ule mstari wa kwanza.